Bikira Anayepiga Teke: Mariamu, Mizabibu na Msalaba katika Chapa za Ester Hernández

Mwaka 1975 msanii Ester Hernández wa California alichapa kwenye karatasi picha ya Bikira wa Guadalupe akipiga teke. Joho lenye nyota lingali pamoja naye, miale ya mwanga ingali inamzunguka, na malaika angali chini yake, kama desturi ya picha hiyo inavyotaka. Lakini mikono iliyozoeleka kuunganishwa kwa sala imeachana, kanzu imekuwa vazi la karate lenye mkanda mweusi, na mguu mmoja umerushwa kwa nguvu hata ukatoka nje ya miale. Jina la picha ni la Kihispania, nalo lasema kwamba Bikira wa Guadalupe anatetea haki za Wachicano: La Virgen de Guadalupe Defendiendo los Derechos de los Xicanos.

Mawazo mawili humjia upesi msomaji wa Kilutheri. La kwanza ni kwamba jambo hili ni la Wakatoliki, wala halituhusu. La pili ni kwamba picha hii ni utovu wa heshima. Kila moja lina sehemu yake ya ukweli, na kila moja hutufanya tuiache picha kabla hatujaitazama. Makala haya yanakusudia kuitazama, pamoja na chapa nyingine chache za mama huyu, kwa kipimo kilicho chetu wenyewe, yaani teolojia ya msalaba. Yafaa pia niseme tangu mwanzo kwamba kwa kipimo hicho picha yenye Bikira anayepiga teke siyo iliyo bora. Iliyo bora zaidi ni tangazo la zabibu kavu.

Hernández alizaliwa mwaka 1944 huko Dinuba, mji mdogo katika bonde la San Joaquin, katika familia ya wafanyakazi wa mashambani. Asili yake ni ya Meksiko na ya Wayaqui, kabila mojawapo la wenyeji wa kaskazini ya nchi hiyo. Babu yake alikuwa seremala aliyechonga pia sanamu za kidini, na mama yake aliendeleza kazi ya kutarizi iliyorithiwa katika ukoo. Alihitimu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976, na katika miaka hiyo alishirikiana na kundi la Mujeres Muralistas, wanawake waliochora kuta za mtaa wa Mission mjini San Francisco. Amechora kwa pastel na kwa rangi za ukutani, lakini chapa ndizo zilizomjengea jina.

Neno Chicano lahitaji maelezo. Tarehe 2 Februari 1848, baada ya vita, Meksiko ilitia sahihi mkataba ulioikabidhi Marekani karibu nusu ya nchi yake, California ikiwamo. Watu wengi wakajikuta wageni katika ardhi waliyozaliwa. Katika miaka ya 1960 wajukuu wao, pamoja na wana wa wahamiaji waliokuja baadaye, walilichukua jina la Chicano, ambalo hapo awali lilikuwa la dharau, wakalifanya kuwa jina la heshima. Mwanamke huitwa Chicana. Mkataba huo wenyewe huitwa wa Guadalupe Hidalgo, kwa sababu ulitiwa sahihi mahali palipo na hekalu la Bikira huyo. Sijui kama wanasiasa walioketi pale waliitafakari maana yake.

Mapokeo yasema kwamba mwaka 1531, miaka kumi baada ya mji mkuu wa Waazteki kuangushwa na Wahispania, Bikira alimtokea Juan Diego, mwenyeji wa hali ya chini, katika kilima cha Tepeyac. Alisema naye kwa Kinahuatl, lugha ya walioshindwa, akamtuma kwa askofu Juan de Zumárraga. Askofu akataka ishara. Juan Diego akamletea maua ya waridi ndani ya shuka lake lililofumwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya mkonge, na alipolifungua ikaonekana picha ya Bikira imejichapa juu yake. Mwaka 2002 Kanisa Katoliki lilimtangaza Juan Diego kuwa mtakatifu. Wanahistoria wana maswali yao juu ya habari hizi, na sisi tuna yetu. Ila hakuna anayekana kwamba picha hiyo imekuwa bendera ya wanyonge. Padre Miguel Hidalgo aliitwaa mwaka 1810 alipoanzisha vita vya uhuru wa Meksiko. Mwaka 1966 wavuna zabibu wa California, wakiongozwa na César Chávez, waliibeba katika maandamano yao kwa miguu kutoka Delano hadi Sacramento. Basi Hernández hakuwa wa kwanza kumpeleka Bikira huyu mahali pa mapambano. Alichofanya ni kumshusha kutoka kwenye bendera na kumwacha apigane mwenyewe.

Hapa hatuna budi kumsikiliza Luther. Mwaka 1521, mwaka uleule mji wa Waazteki ulipoanguka, yeye alikuwa mafichoni Wartburg akimaliza ufafanuzi wake wa Wimbo wa Mariamu (Luka 1:46–55). Humo anasisitiza kwamba alichokitazama Mungu kwa Mariamu hakikuwa fadhila ya unyenyekevu, kana kwamba binti huyo alikuwa na kitu cha kujivunia. Mungu aliutazama unyonge wake, hali yake ya kuhesabiwa kuwa si kitu. Kisha Luther anawageukia wachoraji. Anawalaumu wanaomwonyesha Mariamu kwa namna ambayo hakuna ndani yake lolote la kudharauliwa, bali mambo makuu na ya juu tu. Kwa maoni yake picha ya namna hiyo hutufanya tujilinganishe sisi na Mariamu, nasi tukaogopa, badala ya kumwona Mariamu mbele ya Mungu, nasi tukafarijika. Nimeshangaa mara nyingi jinsi fungu hili linavyosahauliwa. Twamkumbuka Luther mhubiri wa mwaka 1522, aliyewazuia wavunja picha wa Wittenberg. Twamsahau Luther mhakiki wa picha.

Kwa kipimo hicho picha nyingi za Bikira zilizotiwa dhahabu zimeshindwa, na Hernández amefaulu nusu. Amefaulu kwa kuwa ameondoa adabu ile ya bandia. Mwanamke wake ana mwili na uzito, ana mguu unaoweza kuumia, tena ni wa watu wake. Wala teke lake halikuelekezwa kwa wenye mashamba peke yao. Katika harakati za Wachicano wanaume walishika vipaza sauti, na wanawake mara nyingi waliachiwa jiko na mashine ya chapa. Bikira mpole ndiye aliyetolewa kuwa mfano wa binti anayenyamaza. Basi teke hili limerudi nyumbani pia.

Lakini nusu ya pili imekosekana. Mkanda mweusi ni alama ya mtu aliyekwisha kuhitimu, asiyehitaji msaada wa mwingine. Katika wimbo wa Luka mkono unaotawanya wenye kiburi na kuwashusha wakuu ni mkono wa Mungu, naye Mariamu anaimba kwa sababu mkono huo si wake. Katika chapa ya 1975 hakuna mkono mwingine wowote. Unyonge umeondolewa, na pamoja nao imeondolewa sababu ya kuimba. Tumepewa shujaa, naye ni shujaa wa kupendeza, lakini mama mvunaji mwenye mgongo unaouma atamtazama na kujiona kuwa mdogo, sawasawa na alivyojiona mbele ya picha ya dhahabu.

Linganisha na Yolanda López, Chicana mwenzake aliyeishi kuanzia 1942 hadi 2021, ambaye mwaka 1978 alitengeneza picha tatu za Guadalupe: yeye mwenyewe akikimbia, mama yake, na bibi yake. Mama ameketi penye cherehani, miale ikimzunguka, akilishona lile joho la nyota. Ana miwani, na amejiinamia kazini. Picha hiyo, kwa maoni yangu, ni ufafanuzi mzuri wa Luka 1:48 kuliko teke, kwa sababu mwanga umemfikia mtu akiwa bado katika kazi yake, bila kumtaka kwanza awe mwingine.

Nasema haya kwa tahadhari. Ufafanuzi ule wa Luther uliwekwa wakfu kwa mwana wa mtawala, Johann Friedrich wa Saksonia, wala hakuwekewa mkulima yeyote. Miaka minne baadaye, 1525, wakulima wa Ujerumani walipoinuka, Luther aliwaandikia wakuu wapige bila huruma, na wakuu wakapiga. Kanisa lenye kumbukumbu hiyo halina haki ya kushtuka upesi mno mwanamke wa mashambani anapoinua mguu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama picha hii yaweza kutundikwa kanisani. Nilimjibu kwamba haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ila yeyote atakayehubiri Wimbo wa Mariamu katika Majilio, akaumaliza bila mtu hata mmoja kuhisi kwamba kiti chake kimetikiswa, angefanya vema kuitazama kabla ya kupanda mimbarini.

Jambo moja juu ya uchapaji lisemwe, kwa maana Walutheri tuna deni hapo. Picha ya 1975 ni ya bamba la chuma: msanii huchora juu ya bamba lililopakwa nta, tindikali hula mistari, wino huingia ndani ya mistari, na karatasi hugandamizwa juu yake. Picha nyingi za baadaye ni za skrini, ambapo wino husukumwa kupitia kitambaa kilichozibwa sehemu zisizotakiwa. Njia zote mbili hutoa nakala nyingi kwa gharama ndogo, na nakala zikawafikia watu wasioingia majumba ya sanaa. Mmeksiko José Guadalupe Posada (1852–1913) alichapa hivyo mafuvu yake ya kuchekesha kwenye karatasi za bei rahisi, matajiri na maskini wakiwa mifupa kwa usawa. Lakini hata kabla yake, mwaka 1521, huohuo tena, Lucas Cranach alichapa huko Wittenberg picha 26 za mbao kwa jozi, Kristo upande mmoja na Papa upande wa pili: Kristo akivikwa taji ya miiba, Papa akivikwa taji lake. Matengenezo ya Kanisa yalisambaa kwa karatasi kama hizo, zilizochukua alama ya mwenye nguvu na kuigeuza imshitaki mwenyewe. Tusijifanye wageni wa mbinu hii.

Mbinu hiyo ndiyo iliyozaa Sun Mad, chapa ya skrini ya mwaka 1982. Mnamo 1979 Hernández alikwenda nyumbani Dinuba, na mama yake akampa habari kwamba maji ya mtaa wao yalikuwa yamechafuliwa na dawa za mashambani. Ni maji ambayo familia iliyanywa na kuyaoga. Msanii alikaa na habari hiyo muda mrefu kabla ya kujua aifanyie nini. Hatimaye alichukua picha inayojulikana na kila mtoto wa Marekani, ile ya kisanduku cha zabibu kavu cha Sun-Maid, yenye msichana wa kofia nyekundu akishika sinia la zabibu, nyuma yake jua kubwa la manjano. Hakubadilisha karibu chochote. Kofia ni ileile, sinia ni lilelile, jua lingali linawaka. Ila ndani ya kofia mna fuvu, na mikono inayotoa zabibu ni mifupa. Jina nalo limepungukiwa herufi moja tu: msichana wa jua amekuwa jua lenye wazimu. Chini yake maneno ya tangazo yanakiri kwamba zabibu hizo hazikukuzwa kwa njia ya asili, kisha yanataja dawa za wadudu, za utitiri, za magugu na za ukungu, kwa sauti ileile ambayo tangazo hutumia kusifu utamu.

Wala chapa hii si hati ya mashitaka dhidi ya kampuni moja. Msanii ameazima uso unaojulikana ili auseme mfumo mzima wa kilimo ambao wanunuzi huuona kwa uso wa tabasamu tu.

Mwaka 1518, mjini Heidelberg, Luther alitofautisha wanateolojia wa aina mbili. Wa utukufu huita ubaya wema na wema ubaya. Wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Tangazo la biashara ni teolojia ya utukufu iliyotiwa rangi. Huonyesha tunda lisilo na mvunaji, na jua lisilochoma mtu mgongo. Hernández hakwenda kutafuta uso mwingine wa kuweka mahali pa ule wa msichana. Amemwonyesha yuleyule jinsi alivyo katika maji ya Dinuba. Hapo kuna ukali wa kiteolojia ambao teke la 1975 halikuufikia. Pale alimpa mnyonge nguvu za kuazima. Hapa hampi mtu yeyote nguvu, anasema tu hiki ni nini. Nabii Isaya alifanya hivyo katika sura ya tano, alipoanza kama mwimbaji wa wimbo wa shamba la mizabibu, wasikilizaji wakaburudika, kisha wakajikuta wao ndio walioimbwa. Mtazamaji wa Sun Mad hupitia njia hiyo. Huanza kwa kuitambua picha aliyoizoea tangu utotoni, na kwa nukta moja anafurahi kuitambua.

Tena fuvu lile ni la nani? Ni la mvunaji aliyekunywa maji, au la mlaji atakayekula zabibu, au la msichana mwenyewe ambaye jina lake zuri limeuzwa? Chapa haijibu. Nadhani hiyo ndiyo nguvu yake, kwa kuwa mtu hawezi kuomboleza kwa ajili ya mwingine akiwa mbele yake bila kuhesabu na mifupa yake mwenyewe. Kwetu sisi tunaoinua kikombe, tunda la mzabibu si neno jepesi. Imetupasa kujua kwamba tunda hilo lina njia lililopitia, na mikono iliyolichuma.

Mchungaji atauliza: Injili iko wapi? Ni swali halali. Haimo. Sun Mad ni sheria, na sheria iliyo kamili, inayofunga kinywa na kuvunja amani ya uongo. Sioni kwamba ni kosa la msanii. Kosa lingekuwa kubandika upinde wa mvua juu ya kofia ile. Udhaifu wake uko kwingine: chapa hii imesifiwa na kunakiliwa mara nyingi mno hata yaelekea kuwa pambo, na fuvu linalopendwa haliogopeshi. Hilo hupata hata misalaba.

Chapa ya mwaka 1984, Tejido de los Desaparecidos, haijasumbuliwa na sifa za namna hiyo. Kwa mbali ni mtandio wa kufumwa, nyeusi kwa nyeupe, kama ule ambao mama wa Guatemala hujifunikia na kubebea mtoto. Ukisogea waona kwamba mapambo ya kitambaa ni mafuvu na helikopta, na madoa mekundu yaliyorushwa juu yake ni damu. Wakati huo jeshi la Guatemala lilikuwa likiwaangamiza Wamaya, na waliotoweka hawakuwa na kaburi. Kazi ya kutarizi ya akina mama wa ukoo wake imekuwa hapa maombolezo ya akina mama wengine. Sina la kuongeza.

La Ofrenda ya mwaka 1988, jina ambalo maana yake ni sadaka, ilichapwa kwa mradi wa Self Help Graphics, karakana ya chapa huko East Los Angeles. Mwanzilishi wake alikuwa mtawa wa Kifransisko, Sista Karen Boccalero, aliyefariki mwaka 1997. Alikuwa mwanamke wa Kanisa aliyewapa vijana wa mitaa wino na meza bila kuwauliza kwanza katekisimu. Picha yaonyesha mgongo wa mwanamke mwenye nywele zilizokatwa kwa mtindo wa vijana wa wakati ule. Mgongo wote umechanjwa picha ya Bikira wa Guadalupe, na kutoka chini mkono unamtolea ua la waridi. Mwaka 1991 picha hii iliwekwa kwenye jalada la mkusanyo wa maandishi ya Wachicana wanaopenda wanawake wenzao, ubishi mkubwa ukatokea, na tangu hapo wengi hawaoni ndani yake kingine ila ubishi huo. Ni hasara.

Tuirudie hadithi ya Tepeyac. Ile nayo ni hadithi ya chapa, kwani picha ilibaki kwenye shuka la maskini bila yeye kuichora. Hernández ameitoa kwenye shuka akaitia katika ngozi, ambayo haivuliwi wala haiwekwi katika kioo hekaluni. Mtume naye asema kwamba mwili ni hekalu (1 Kor. 6:19). Lakini lililonigusa zaidi ni mahali picha ilipo. Iko mgongoni. Mwanamke huyu ndiye mtu pekee asiyeweza kuiona. Anayemtolea waridi anaiona, nasi tunaiona. Yeye anaibeba tu, amegeuka, anaangalia upande mwingine. Mlutheri afundishaye kwamba haki ya Mkristo ni ya kupewa, wala haionekani kwa kujichunguza, hatapata mfano ulio wazi kuliko huu kutoka kwa msanii asiye wa kwetu. Ukiri wa Augsburg, katika ibara ya 21, huruhusu watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarike, na hukataza wasiombwe. Je, mkono ule wenye waridi unakumbuka au unaomba? Mimi naona unamtolea ua yule mwanamke mwenyewe, aliye hai, lakini sitamshinda kwa hoja yule anayeona vingine.

Bango la mwaka 2010, linalomtangaza Bikira kuwa mhalifu anayesakwa, ni mzaha mzuri wa siku chache. Zito zaidi ni Sun Raid ya mwaka 2008, ambamo msanii alirudi kwenye kisanduku cha zabibu. Jina sasa lataja msako wa polisi. Fuvu lingali ndani ya kofia, lakini mifupa imevikwa huipil, vazi la kufumwa la wanawake wenyeji wa Meksiko, kwa kuwa wavunaji wa bonde lile katika miaka hii wengi ni watu wa makabila hayo waliohama makwao. Mkononi mna bangili ya idara ya uhamiaji, ile wanayofungwa watu ili serikali ijue waliko. Badala ya dawa za wadudu, tangazo sasa laahidi kurudishwa kwao kwa nguvu. Kama chapa ni nzito kupita kiasi, maneno yakisongamana na ule ukimya wa 1982 umepotea. Lakini vazi lile limechorwa kwa uangalifu wa mtu aliyekua kati ya sindano na nyuzi, kila ua mahali pake, nalo ndilo kitu pekee katika picha ambacho hakikuguswa na kejeli.